Sura ya kuazima: kisa cha Shailoki wa Tabora

Mimi ni mchora mabango. Ukipita Tabora ukaona ukuta wa saluni wenye mwanamke aliyesukwa mtindo ambao hakuna msusi atakayeuweza, au bucha lenye ng'ombe anayecheka kana kwamba hajui kinachouzwa ndani, huenda umekutana na mkono wangu. Ng'ombe wa bucha hana ndugu wa kuja kulalamika. Shailoki wangu alikuwa na watoto wanne wa kiume, na walinijia kwa bodaboda mbili.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwalimu wa fasihi wa shule moja ya sekondari hapa mjini alitaka picha nne za kutundika maktaba kabla ya mahafali ya kidato cha nne. Wahusika aliwachagua yeye: Fumo Liyongo wa utenzi, Kinjeketile wa tamthiliya ya Ebrahim Hussein, Rosa wa Kezilahabi, na Shailoki, mkopeshaji wa riba. Watatu wa kwanza ni wa kwetu. Wa nne katoka Venice kwa mkono wa Shakespeare, ila Tabora hawezi kuitwa mgeni, maana aliyemtia katika Kiswahili alikulia kimasomo hapahapa. Nyerere alisoma Tabora akiwa kijana, na baada ya Makerere akarudi kufundisha St. Mary's mpaka alipoondoka kwenda Edinburgh mwaka 1949. Tafsiri yake ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akaiita Mabepari wa Venisi. Shakespeare alitaja mfanyabiashara, mmoja. Nyerere akasema mabepari, wengi. Ningelisoma jalada hilo kwa makini kabla ya kushika brashi, nusu ya haya yasingetokea. Nitarudi hapo.

Nilinunua hadibodi moja nzima, futi nne kwa nane. Inatoa vipande vinne vya futi mbili kwa tatu na kubakiza ukanda wa futi mbili kwa nne, ambao fundi mwenye akili hautupi. Upande laini nikaupaka rangi ya maji nyeupe mikono miwili, nikapiga msasa. Rangi za kuchorea zilikuwa zilezile za mabango, rangi ya mafuta ya kopo, kwa sababu turubai na rangi za wasanii huagizwa Dar es Salaam na fungu la shule halikufika huko. Sioni haya. Edward Tingatinga naye alianzia kwenye hadibodi na rangi za aina hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960.

Shida ya rangi ya kopo ni ngozi. Ukichukua kahawia ukaongeza nyeusi ili upate mtu wa kwetu, unapata mkaa. Uso unakufa. Mimi kopo la nyeusi naliacha limefungwa. Kwenye kivuli natia bluu kidogo ndani ya kahawia, kwenye masikio na mabawa ya pua natia wekundu, na pale paji la uso linapong'aa naweka bluu iliyopauka sana, maana ngozi nyeusi hupokea mwanga wa mbingu na kuurudisha kama maji ya lambo. Ukimpa mtu mng'ao mweupe mtupu anaonekana kapakwa mafuta ya kujipodoa kupita kiasi.

Kahawia hiyo, bluu hiyo, tina, msasa na brashi mbili nilivichukua kwa mali kauli kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka ni mzee wa Kinyamwezi aliyemfahamu marehemu baba yangu. Hana mkataba wala fomu. Ana daftari la kaunta lenye jalada gumu, na jina langu limo humo muda mrefu kuliko majina ya wakwe zake. Kumbuka deni hilo.

Picha tatu zilikwenda vizuri, na namna zilivyokwenda vizuri ndiyo inayonihukumu. Liyongo sikumchora uso kabisa. Utenzi unasema mwanawe alimchoma sindano ya shaba kitovuni, naye akajikokota hadi kisimani, akapiga goti na kutega mshale kwenye upinde, akafia hapo. Watu wa mji wakakaa bila maji kwa hofu, wakidhani yu hai. Basi nikamchora kwa nyuma: mgongo mpana, goti, upinde, na mbali kule wanawake na mitungi mitupu. Wao ndio wanaouona uso. Mtazamaji anaisoma hofu machoni mwao. Kinjeketile alinisumbua kwa jambo dogo la ufundi. Simulizi zinasema alizama majini akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu, na sijui kama umewahi kujaribu kuchora kaniki kavu juu ya mtu anayetoka mtoni. Wanafunzi waliniuliza kwa nini nimesahau kumlowesha. Mwalimu wao akacheka peke yake.

Rosa nilimwogopa. Riwaya yake, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971 na shuleni ikapigwa marufuku kwa muda kabla ya kurudi kama kitabu cha kiada, na sababu kila mtu anaijua: inasema wazi yanayompata binti aliyebanwa na baba hadi akakosa kujua dunia. Nikajiambia, nikimchora Rosa kwa sura ya binti yeyote wa Tabora, huyo binti sitakuwa nimemchora, nitakuwa nimemtangaza. Nikachukua macho ya shangazi yangu wa kwenye picha ya zamani, kidevu cha mtangazaji mmoja wa runinga, nywele nikazitunga mwenyewe. Hakuna aliyesema "huyu ni fulani". Kwa hiyo nilijua. Kabla sijafika kwa Shailoki, nilikuwa najua kabisa kwamba sura ina mwenyewe. Kwa binti wa miaka kumi na saba nilijua. Kwa mzee wa miaka sabini sikujiuliza.

Shakespeare hakumwelezea Shailoki kwa sura. Ukikamua mistari yote unapata ndevu na joho la Kiyahudi, basi. Mengine ni ya majukwaa na ya wachoraji. Kwa miaka mingi Uingereza alichezwa na wigi jekundu, kama kichekesho au mwovu mtupu, mpaka mwigizaji Edmund Kean alipotokea na ndevu nyeusi kwenye jukwaa la Drury Lane mwaka 1814, na watu wakaanza kumwona kama binadamu. Henry Irving, mwaka 1879, akampa heshima ya mzee aliyedhulumiwa. Nilipotafuta picha mtandaoni nikakutana na pua zile za ndoano, zile zilizotumika Ulaya kuwachochea watu dhidi ya Wayahudi, na nikaapa mkono wangu hautachora pua hiyo. Nilijivuna kwa uamuzi huo. Nikajisemea, nitamchora Shailoki wa hapa, mtu ambaye mwanafunzi wa Tabora atamtambua.

Neno hilo, atamtambua. Nilipotafuta kichwani mtu wa kukopesha, akili haikwenda mbali. Ilikwenda dukani. Kanzu, kofia, ndevu nyeupe, daftari.

Nikamwendea. "Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea?"

"Bado Mzee, shule haijamalizia. Nimekuja na ombi. Nachora picha za wahusika, nataka nikuchore wewe. Ni mtu wa kwenye kitabu cha Mwalimu."

Hapa ndipo kilipolala kiini cha kisa, na nakiri kilipita kama nzi. Nilimaanisha kitabu alichokitafsiri Nyerere. Yeye akasikia Mwalimu, akanyoosha kofia. Alidhani ni mambo ya uhuru, wazee wa baraza, TANU. Nami niliona anavyodhani. Sikumdanganya kwa mdomo. Nilinyamaza tu, kwa kuwa ukimya ulinifaa.

Alinikalia jioni tatu. Ya tatu umeme ulikatika, akawasha taa ya chaji akaiweka juu ya kaunta, karibu na daftari. Mwanga ukampiga kutoka chini. Mchoraji yeyote anajua maana yake. Macho yetu yamezoea jua la juu, kwa hiyo kivuli kikipanda badala ya kushuka, nyusi zikawa mapango na tundu za pua zikamulikwa, hata nyanya yako anageuka mchawi. Nikafurahi kama mvuvi aliyenasa sangara. Nilichora haraka kabla umeme haujarudi. Kisu nilikiongeza nyumbani, mkono wa kulia. Daftari likabaki mkono wa kushoto.

Ukiitazama kwa ufundi, ile ndiyo picha bora niliyowahi kuchora. Nasema hivyo mpaka leo.

Siku ya mahafali wazazi waliingia maktaba. Chini ya fremu ya mninga mwalimu alikuwa amebandika karatasi: SHAILOKI, MKOPESHAJI. Kufika saa tisa picha ilikuwa kwenye simu, jioni kwenye makundi ya wasap ya mtaa, na mtu akaiandikia maneno mawili ambayo sasa hivi Tanzania nzima inayajua: kausha damu. Ndivyo watu wanavyoiita mikopo ya haraka yenye riba ya kukaba koo. Aliyeandika hakujua, nadhani, jinsi alivyoingia ndani ya tamthiliya. Kesi ya Shailoki inavunjikia hasa kwenye damu: mkataba unampa ratili ya nyama ya Antonio, mfanyabiashara aliyemkopa, Portia aliyejigeuza mwanasheria anamwambia chukua, lakini tone la damu halimo.

Wa kwanza kumwita mzee "Shailoki" mbele yake alikuwa mtani wake wa Kizaramo, na hilo lilifanya mambo kuwa magumu zaidi. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni wa tangu misafara, mtani hasusiwi. Mzee akacheka siku ya kwanza. Siku ya pili watoto wa shule walipopita dukani wakauliza bei ya ratili. Siku ya nne mteja wa siku nyingi akalipa deni lake lote kwa mpigo, akaomba jina lifutwe, asionekane. Hapo mzee akaacha kucheka.

Watu wa nje wakisikia kisa hiki wanadhani tatizo ni kuitwa mbaya au kuonyeshwa na kisu. Watoto wake waliokuja kwangu hawakutaja kisu hata mara moja. Walitaja riba. Baba yao ni Mwislamu mwenye msimamo. Anakopesha saruji, misumari na rangi, bei ileile ya taslimu, na hajawahi kuongeza shilingi kwa kuchelewa. Kumtundika mbele ya mji kama mkopeshaji wa riba ni kumwambia kila Ijumaa anasali huku anakula haramu. Mkubwa wao aliniambia kwa upole ulionitisha kuliko kelele za wadogo zake: "Kaka, ungemchora mwizi tungekusamehe." Na mwingine akamalizia lililokuwa likisemwa sokoni: kwamba nimefanya vile kwa sababu nadaiwa. Elfu hamsini na nane, arobaini nimelipa, kumi na nane bado. Nimemlipizia kisasi kwa rangi yake mwenyewe.

Nilikana. Nilipobaki peke yangu nilikaa na lile neno usiku mzima. Sikumchora kwa kisasi, naapa. Ila kwa nini akili yangu, ilipotafuta sura ya anayedai, ilikwenda moja kwa moja kwa anayenidai mimi?

Wachoraji wakubwa wameyapitia haya kwa njia zao. John Everett Millais alipomchora Ophelia wa Hamlet mwaka 1851 na 1852, alimlaza Elizabeth Siddal kwenye beseni la kuogea lililopashwa joto kwa taa. Taa zikazimika, binti akaugua, baba yake akataka bili ya daktari ilipwe. Bili hiyo angalau ilijulikana. Siddal naye alikuwa mchoraji, lakini watu wengi hadi leo wakisikia jina lake wanamwona maiti anayeelea kati ya maua. James Northcote alipochora Othello mwaka 1826, aliyemkalia alikuwa Ira Aldridge, Mmarekani mweusi aliyekuwa akimcheza Othello jukwaani. John Singer Sargent mwaka 1889 akamchora Ellen Terry akiwa Lady Macbeth, na gauni lake lililopambwa mabawa ya mbawakawa. Hawa wawili wa mwisho walikuwa waigizaji. Walijua wanavaa nani, na vazi lenyewe lilimwambia mtazamaji kwamba huyu ameazimwa. Mzee wangu hakuwa na vazi. Nilimchora na kanzu yake ya kila siku, kofia yake, daftari lake. Hapakuwa na pengo kati ya mtu na mhusika.

Tulikaa barazani kwa mzee, kahawa na kashata, mimi, mwalimu wa fasihi, mwanawe mkubwa na balozi wa mtaa. Mwalimu alikuja na kitabu. Nilidhani atanitetea. Akamsomea mzee kurasa za mwanzo, pale Shailoki anapoeleza kwa nini anamchukia Antonio: kwamba Antonio anakopesha watu bila riba na hivyo anaiporomosha bei ya riba Venice nzima. Akafunga kitabu. "Mzee, fundi amekosea mtu. Kwa kitabu hiki wewe ni Antonio."

Nilihisi sakafu imeniondoka. Ni kweli tupu. Nilisoma tamthiliya nikitafuta kisu, nikaruka sababu ya ugomvi. Kama kuna mtu Tabora anayestahili kukalia kiti cha Antonio ni yule mwenye daftari lisilo na riba, na mimi nilimkalisha kiti cha upande wa pili kwa sababu ana ndevu na ananidai.

Nikaona pa kutokea. "Basi nikuchore Antonio, Mzee. Upya kabisa."

Mzee akanywa kahawa. "Huyo Antonio, alikuwa mtu mzuri?"

Mwalimu akasitasita. Akasema ukweli: alimtemea mwenzake mate kwenye ndevu, akamwita mbwa, na mwishoni akataka abadilishwe dini kwa nguvu.

"Wote wawili usiniweke," mzee akasema. "Mimi nauza misumari."

Ndipo lile jalada lilipofunguka kwangu. Mabepari. Nyerere hakumpa mmoja lawama yote. Mkopeshaji na mfanyabiashara, anayedai nyama na anayetema mate, wote wamo ndani ya neno moja. Na kuna ukurasa niliokuwa nimeupita haraka. Binti wa Shailoki, Jessica, ametoroka na mali. Rafiki yake Tubal anamletea habari kwamba mtu amemwonyesha pete aliyopewa na huyo binti kwa kubadilishana na tumbili. Shailoki anaitambua: ni feruzi aliyopewa na Leah enzi za ukapera wake. Hapo hana kisu wala mkataba, na madai yake yote kwa dakika hiyo yamekwisha. Ni mzee aliyesikia kitu cha mapenzi yake kimeuzwa kwa kima.

Nikaitoa picha ya kwanza ukutani kwa mkono wangu, mbele ya wanafunzi, nikawaeleza habari ya mwanga wa chini na ile nusu ya sentensi niliyoinyamazia dukani. Nikachukua ule ukanda wa hadibodi uliobaki, nikakata futi tatu. Safari hii mwanga niliuchukua dirishani, wa pembeni, wa saa nne asubuhi. Mikono mitupu juu ya magoti, kidole kimoja kikishika kingine mahali ambapo pete ingekaa. Joho nilikodi kwa kwaya. Sura nikaitoa kwenye kioo cha bafuni kwangu, nikaizeesha miaka thelathini. Kuizeesha sura yako mwenyewe ni kazi mbaya. Unajua shavu litaangukia wapi. Picha si nzuri kama ile ya kwanza. Shavu la kushoto limekuwa gumu na mkono mmoja umekuwa mkubwa. Wanafunzi waliitambua sura mara moja wakaanza kuniita Shailoki barabarani, na bado wananiita.

Ile ya kwanza nilitaka kuichoma. Mzee akakataa. "Uso wangu usiutie moto. Ilete hapa." Akaigeuza, akagonga upande wa nyuma kwa kidole, ule wenye alama za wavu. "Hapa andika bango. Herufi kubwa."

"Niandike nini, Mzee?"

"Kukopa harusi, kulipa matanga."

Upande wa nyuma wa hadibodi unakunywa rangi kama mchanga. Ulitaka mikono mitatu. Bango liko juu ya mlango wa duka lake sasa, Shailoki akiwa ameelekea ukutani, na hakuna anayejua isipokuwa sisi tuliolitundika. Nilipomaliza nikashuka ngazi, mzee akafungua daftari kwenye jina langu. Akatoa elfu kumi ya ufundi, akaongeza elfu saba ya rangi.